Kimo cha Tarakimu: Uhakiki wa Upangaji Chapa katika Maandishi ya Kiswahili Yanayosomwa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna tarakimu zinavyopangwa katika maandishi ya Kiswahili yanayochapwa Mbarara na kusomwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Hoja yake kuu ni kwamba uteuzi kati ya tarakimu za mtindo wa kale na tarakimu za kimo kimoja si suala la urembo wa ukurasa, bali ni suala la usomekaji: huchangia kuamua iwapo msomaji atanakili namba sahihi au la. Makala inaonesha kwamba tarakimu za mtindo wa kale hutenganisha vizuri baadhi ya jozi ambazo wasomaji waliotoka katika mikondo miwili ya shule, wa Kifaransa na wa Kiingereza, huzichanganya. Ila zinapotumiwa katika majedwali na katika namba za kunakili, huleta hatari nyingine. Inapendekezwa kwamba aina ya tarakimu iteuliwe kwa kuzingatia kile ambacho msomaji anakwenda kuifanyia namba: kuisoma, kuilinganisha au kuinakili.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya usanifishaji wa Kiswahili hujikita zaidi katika msamiati, tahajia na sarufi. Tarakimu huachwa nje ya mjadala kwa imani kwamba hazina lugha: 7 ni 7 popote, kwa Mswahili, kwa Mfaransa na kwa Mwingereza. Makala hii inaipinga imani hiyo. Tarakimu ina umbo, umbo lina historia, na msomaji huisoma kwa mazoea aliyoyapata shuleni kwake.

Msukumo wa uhakiki huu ulitokana na tukio dogo. Niliombwa kupitia nakala ya kusahihisha ya kijitabu cha kilimo kilichoandikwa kwa Kiswahili, kilichokuwa kikiandaliwa Mbarara kwa ajili ya wakulima wa Nakivale. Maelezo yalisomeka vizuri. Miaka na vipimo vilivyotajwa ndani ya sentensi vilikaa kwa utulivu kati ya maneno. Lakini nilipofika kwenye jedwali la mbegu, safu za namba zilikuwa zikipanda na kushuka kama ngazi iliyovunjika. Na "kilo 10" ilionekana kama neno lililokosewa, kwa sababu sifuri yake ilikuwa na umbo na kimo cha herufi o. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na namba ya simu ya kuomba msaada, nayo ilipangwa kwa tarakimu zilezile. Tulipomuuliza mchapaji kwa nini alichagua tarakimu hizo, alijibu kwamba hakuchagua. Ndivyo fonti ilivyokuja.

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndilo kiini cha tatizo. Katika maandishi yetu mengi, aina ya tarakimu haiteuliwi na mwandishi, mhariri wala mchapaji. Huamuliwa na aliyesanifu fonti, ambaye hakuwa akimfikiria msomaji wa Nakivale.

2.0 Aina za Tarakimu na Asili Yake

Kabla ya kuhakiki, ni vyema istilahi zifafanuliwe. Tarakimu za mtindo wa kale ni zile ambazo vimo vyake hutofautiana kama vimo vya herufi ndogo. Kwa kawaida 0, 1 na 2 hukaa katika kimo cha herufi kama a na o; 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka chini ya mstari wa msingi; 6 na 8 hupanda juu. Tarakimu za kimo kimoja ni zile zinazosimama zote juu ya mstari wa msingi na kulingana kwa urefu, aghalabu zikikaribia urefu wa herufi kubwa. Kila moja ya aina hizi inaweza kuwa na upana sawa, ambapo tarakimu zote hupewa nafasi ileile ili safu zilingane, au upana wa asili, ambapo 1 huchukua nafasi ndogo kuliko 8.

Katika chapa za Ulaya, tarakimu za mtindo wa kale ndizo zilizokuwa za kawaida kwa karne nyingi. Chapa za John Bell wa London, zilizochongwa na Richard Austin mwaka 1788, ni miongoni mwa za mwanzo kuwa na tarakimu zenye vimo vinavyolingana. Katika karne ya 19 mtindo huo ulienea katika matangazo, magazeti na hesabu za biashara. Baadaye taipureta iliwapa makarani wa ofisi aina moja tu ya tarakimu. Taipureta nyingi hazikuwa hata na kitufe cha 1. Karani alipiga herufi l ndogo badala yake. Mazoea hayo ya kutokuwa na chaguo yaliendelea hata kompyuta zilipochukua nafasi ya taipureta.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inakumbuka historia ndefu zaidi. Maneno tarakimu na sifuri yana asili ya Kiarabu, kama yalivyo sita, saba na tisa, ilhali moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Waandishi wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu walitumia tarakimu za Kiarabu za mashariki. Kwa hiyo Kiswahili hakijawahi kuwa na umbo moja tu la tarakimu. Kudhani kwamba umbo la taipureta ndilo la asili ni kusahau jambo hilo.

3.0 Nakivale: Shule Mbili, Mikono Miwili

Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, eneo ambalo hapo awali lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipokuwa wakikimbia kutoka Rwanda. Leo wakazi wengi ni Wakongo, na wanaishi pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mji wa Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ndio wanaouendea kwa hospitali za rufaa, vyuo, biashara na uchapaji.

Katika mazingira haya hukutana mikondo miwili ya shule. Msomaji aliyefundishwa Bukavu, Uvira au Bujumbura alijifunza kuandika 1 yenye mkia mrefu unaopanda kutoka kushoto, na 7 yenye mstari katikati ili isichanganywe na 1 hiyo. Msomaji aliyefundishwa Mbarara alijifunza kuandika 1 kama mstari mmoja uliosimama, na 7 isiyo na mstari wa kati. Matokeo yake ni kwamba 1 ya Mkongo inaweza kusomwa na karani Mganda kuwa 7. Karani huyo naye akiandika 7 yake kwa haraka, mkimbizi anaweza kuisoma kuwa 1. Hakuna aliyekosea kuandika. Kila mmoja ametii mwalimu wake.

Tofauti nyingine iko katika alama za kutenga. Katika mkondo wa Kifaransa na wa Kibelgiji, koma hutenga sehemu ya desimali, na maelfu hutengwa kwa nukta au nafasi. Katika mkondo wa Kiingereza unaotumika Uganda, koma hutenga maelfu na nukta hutenga desimali. Hivyo 1.500 ni elfu moja na mia tano kwa mmoja, na ni moja na nusu kwa mwingine.

Mtu anaweza kusema kwamba watu hawa watasikilizana kwa mdomo. Hilo si rahisi kama linavyoonekana. Wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo hutaja namba kubwa, bei na namba za simu kwa Kifaransa, wakitumia hata septante na nonante za Kibelgiji. Wenzao wa Mbarara hutaja namba hizohizo kwa Kiingereza. Mazungumzo huendelea kwa Kiswahili mpaka zifikiwe namba, kisha hugawanyika. Ndipo mmoja husema, "Niandikie." Kwa hiyo tarakimu iliyoandikwa ndiyo daraja la mwisho kati yao. Namba nyingi za simu za mkononi nchini Uganda huanza na 07. Fedha nyingi nazo hutumwa kwa simu. Mtu anayesoma 7 kuwa 1, au kinyume chake, anaweza kumtumia fedha mtu asiyemjua au kukosa kupokea wito wa hospitali.

4.0 Uhakiki wa Mazoea ya Upangaji Chapa

4.1 Nguvu na udhaifu wa mtindo wa kale

Wahariri wetu wengi hulichukulia suala la tarakimu za mtindo wa kale kuwa ni pambo la vitabu vya fasihi. Ukichunguza vimo vyake, utaona jambo tofauti. Katika mtindo huo 1 ni fupi na hukaa juu ya mstari, ilhali 7 hushuka chini yake. 3 hushuka, 8 hupanda. 6 hupanda, 9 hushuka. Maana yake ni kwamba jozi zinazochanganywa kwa urahisi, yaani 1 na 7, 3 na 8, 6 na 9, hutenganishwa kwa kimo kabla hata msomaji hajatazama umbo la ndani. Tarakimu za kimo kimoja hutenganisha jozi hizo kwa umbo peke yake.

Ni kweli kwamba kosa la 1 na 7 huzaliwa mkononi zaidi kuliko katika chapa. Hata hivyo, chapa ndiyo mfano ambao mkono huiga, na msomaji huiendea chapa akiwa na mazoea ya mkono. Katika matini endelevu, ambapo mwaka au idadi imezungukwa na maneno, herufi zilizo kando humpa msomaji kipimo cha kimo. Kwa hiyo katika nathari mtindo wa kale una sababu ya kiutendaji, mbali na ile ya uzuri.

Kipimo hichohicho ndicho kinacholeta udhaifu wake. Kwa kuwa 0 hufanana na o, na katika fonti nyingine 1 hufanana na I iliyopunguzwa kimo, namba inayochanganya herufi na tarakimu huwa fumbo. Katika jedwali, vimo vinavyopanda na kushuka huvunja mstari ambao jicho linaufuata. Ikiwa fonti imetumia pia upana wa asili, mamia hayakai chini ya mamia, na mkulima anayelinganisha kiasi cha mbegu za mahindi na za maharagwe hupoteza msaada ambao jedwali lilipaswa kumpa. Kijitabu nilichokitaja kilishindwa hapa, si katika nathari yake.

4.2 Chaguo lipo, lakini limezimwa

Teknolojia ya OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, iliwezesha fonti moja kubeba aina zote za tarakimu pamoja na sifa nyingine. Kila sifa ina kitambulisho cha herufi nne: onum kwa mtindo wa kale, lnum kwa kimo kimoja, tnum kwa upana sawa, pnum kwa upana wa asili, na zero kwa sifuri yenye mkato. Katika LaTeX, kifurushi cha fontspec huwasha mtindo wa kale kwa chaguo Numbers=OldStyle, na chaguo hilo linaweza kubadilishwa ndani ya jedwali moja bila kugusa matini iliyobaki. Katika LibreOffice, tangu toleo la 5.3, kitambulisho huongezwa baada ya jina la fonti na nukta mbili, kwa mfano Libertinus Serif:onum. Microsoft Word ina chaguo la aina na upana wa tarakimu tangu toleo la 2010.

Kasoro ni kwamba sifa hizi hazijitangazi. Fonti za Georgia, Candara, Corbel na Constantia huja na mtindo wa kale bila kuombwa. Times New Roman na Arial huja na kimo kimoja. Anayebadili fonti ili ukurasa upendeze hubadili pia tarakimu zote za majedwali yake bila kujua. Aidha, si kila fonti inabeba aina zote: kuwasha sifa isiyokuwemo hakuleti badiliko lolote kwenye ukurasa, na mhariri anaweza kudhani kwamba kazi imefanyika.

Mfano wa kufundishia ni fonti ya Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Jina lake ni neno la Kiswahili, na maumbo yake yalisanifiwa ili herufi zisichanganywe. Ina maumbo mbadala ya baadhi ya tarakimu, ikiwemo 4 iliyo wazi juu, yanayoweza kuwaka inapohitajika. Hiki ni kifaa kinachofaa sana Nakivale. Lakini maumbo hayo mbadala nayo hubaki yamezimwa mpaka mtu ayawashe, na kwa hiyo fonti nzuri haimwondolei mhariri wajibu wa kuamua.

4.3 Matendo matatu ya msomaji

Kutokana na uchambuzi huu, ninapendekeza kigezo kimoja cha uteuzi: msomaji anakwenda kufanya nini na namba?

Kwanza, kama anaisoma ndani ya nathari, mfano mwaka au idadi, tarakimu za mtindo wa kale zenye upana wa asili zinafaa, ili mradi hazijaungana na herufi.

Pili, kama anailinganisha na nyingine katika safu, zitumike tarakimu za kimo kimoja na upana sawa. Maelfu yatengwe kwa nafasi finyu badala ya koma au nukta, kwa kuwa nafasi haisomwi kuwa desimali na mkondo wowote kati ya hiyo miwili.

Tatu, kama anainakili, mfano namba ya simu au ya hati ya familia, zitumike tarakimu za kimo kimoja, zenye 1 iliyo na kitako na 7 isiyofanana nayo, zikigawanywa katika mafungu mafupi. Sifuri yenye mkato itumike pale tu ambapo herufi O inaweza kutokea katika namba hiyohiyo. Katika namba ya simu, isiyo na herufi, mkato huo hauna kazi, na kwa macho yasiyouzoea unaweza kuifanya 0 isomwe kuwa 8.

5.0 Pingamizi na Mipaka

Pingamizi la kwanza ni kwamba ofisi yenye kazi nyingi haiwezi kubeba kanuni tatu. Afadhali itumie kimo kimoja kila mahali. Pingamizi hili lina uzito. Ofisi inayoweza kufuata kanuni moja tu na ichague kimo kimoja chenye upana sawa, kwa kuwa hasara ya nathari isiyopendeza ni ndogo kuliko hasara ya namba iliyonakiliwa vibaya. Lakini mwenye kutoa vitabu na majarida ya kitaaluma hana kisingizio hicho, kwa sababu mitindo ya aya na ya jedwali huwekwa mara moja katika kiolezo na kutumika daima.

Pingamizi la pili ni gharama. Halina nguvu. LaTeX, LibreOffice, Andika na Libertinus vyote hupatikana bila malipo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: taarifa nyingi hufika Nakivale kwa ujumbe wa simu, kwa redio au kwa mdomo wa kiongozi wa kijiji, ambako mtumaji hana mamlaka juu ya fonti. Hapa upangaji chapa hauna dawa. Kinachobaki ni kugawa namba katika mafungu na kurudia kiasi kwa maneno: "1 500, yaani elfu moja na mia tano."

Vilevile fonti haiwezi kutatua suala la saa. Kiswahili, kama Kinyankole, Kirundi na Kinyarwanda, huhesabu saa kuanzia alfajiri na jioni: saa mbili asubuhi ndiyo inayoandikwa 8:00 kwa Kiingereza na 8h00 kwa Kifaransa. Tangazo linaloandika "saa 8:00" bila neno asubuhi au mchana linaweza kumfikisha mgonjwa kliniki saa sita baada ya wakati wake, hata likipangwa kwa tarakimu bora kuliko zote. Ninalitaja suala hili ili isidhaniwe kwamba ninaipa chapa uwezo isiokuwa nao.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza na kukifundisha. Maandishi ya Kiswahili nchini Uganda yataongezeka: fomu, vitabu vya kiada, matangazo ya afya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hivyo mikondo miwili ya tarakimu inayokutana Nakivale sasa inakutana ndani ya Jumuiya nzima. Kinachotokea katika makazi haya ni sura ndogo ya jambo litakaloonekana katika kila fomu ya forodha na kila jedwali la kikanda.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne. Mosi, vyombo vya usanifishaji, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viingize tarakimu, alama za kutenga na uandishi wa saa katika miongozo ya tahajia. Pili, taasisi zinazotoa maandishi kwa wakimbizi ziandae violezo vyenye mitindo mitatu ya tarakimu iliyokwisha kuwashwa, ili mchapaji asibaki na kile fonti ilichomletea. Tatu, kabla ya tangazo kubandikwa, wasomaji wachache kutoka kila mkondo wa shule waombwe wanakili namba zake kwa mkono, kisha nakala zilinganishwe na chapa. Ni jaribio la nusu saa lisilohitaji fedha. Nne, wahariri wa majarida na kumbukumbu za makongamano ya Kiswahili, tukiwemo sisi wenyewe, tueleze katika miongozo yetu kwa waandishi ni tarakimu zipi zinazotumika wapi.

Kijitabu cha kilimo kilirudishwa kwa mchapaji. Aliacha nathari kama ilivyokuwa, akabadili tarakimu za jedwali na za namba ya simu. Kazi yote ilimchukua dakika chache, kwa sababu chaguo hilo lilikuwemo katika programu yake tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kwamba kuna msomaji atakayekaa na ukurasa huo Rubondo au Juru, kalamu mkononi, akinakili namba moja baada ya nyingine.